Je, Madaha ni Kiburi?

Wako watu wazima, tena wenye elimu, ambao wakimwona kijana akicheza kwa madaha husema mara moja, "Huyu ana kiburi." Akipitisha mpira kati ya miguu yake, ana kiburi, akimpa mwenziwe mpira bila kumtazama, ana kiburi. Mimi nasema wamekosea, na sababu zangu ni hizi.

Nilipokuwa mtoto wa miaka 9, nilikwenda likizo kwa babu yangu karibu na Mutomo, katika nchi ya Kitui. Siku moja alinichukua kutazama ngoma ya mbeni. Baadhi ya wachezaji walikuwa wamevuka Mto Athi, kutoka upande wa Makueni. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja mwembamba, filimbi mdomoni. Ngoma ilipopamba moto aliruka, akapinduka hewani, miguu juu kichwa chini, akatua mbele ya wapigaji huku akicheka. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikasema, "Babu, yule anajivuna."

Babu hakunijibu upesi. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, usimtazame kichwa. Sikiliza miguu yake igusapo ardhi." Nikasikiliza. Kila alipotua, alitua pamoja na pigo la ngoma. Hakutangulia wala hakuchelewa. "Aruke apendavyo," babu akasema, "mradi atue na ngoma. Asiyetua na ngoma ndiye mwenye kujivuna, maana amewasahau wenziwe."

Miaka ikapita, nikaingia shule ya sekondari, nikacheza mpira wa kikapu. Siku moja nilimpa mwenzangu mpira kwa kuupitisha nyuma ya mgongo, naye akaudaka akafunga. Juu ya hayo, mwalimu mmoja alinitoa kiwanjani, akasema, "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Sikumjibu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wangu. Leo namjibu, kwa adabu.

Kwanza, ngoma isiyovuma haimwiti mtu. Joe Kadenge, mchezaji wa kandanda wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alipendwa kwa chenga zake hata maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo. Walioyasema ni pamoja na wengi ambao hawakumwona kamwe kwa macho. Walimsikia kwa redio tu. Je, watu hao walipenda kiburi? La, walipenda ustadi uliochangamka.

Pili, si kweli kwamba madaha hupoteza ushindi. Magic Johnson wa Marekani alijulikana kwa kutoa pasi huku akitazama kwingine. Lakini timu yake, Los Angeles Lakers, ilitwaa ubingwa mara 5 naye akiwamo, kati ya mwaka 1980 na 1988. Pasi zile zilipendeza macho, walakini kila moja ilikuwa na mtu wa kuipokea. Alitua na ngoma.

Sikatai kwamba wako wanaojionyesha bure. Mchezaji akikawia na mpira ili ashangiliwe, hali mwenziwe amesimama peke yake chini ya kikapu, huyo na akaripiwe. Kosa lake, hata hivyo, ni choyo. Tukiyachanganya mambo haya mawili, tutamwadhibu mwenye kipawa pamoja na mchoyo, na hasara itakuwa yetu. Maana kijana aliyefunzwa kuficha ustadi wake kiwanjani ataificha na akili yake darasani. Atalijua jibu, asiinue mkono, kwa kuogopa kuitwa mwenye maringo.

Basi, enyi walimu, kabla ya kumtoa kijana kiwanjani, tazameni mpira umefika wapi. Nanyi vijana wenzangu wa Kitui na Makueni, ambao babu zenu walipinduka hewani mbele ya watu wala wasione haya, rukeni. Fanyeni mazoezi mpaka mruke juu kuliko wao. Lakini msikilize ngoma, mtue nayo.