Usimwambie "Samehe" Kabla Hajatibiwa

Leo naomba tuongee jambo ambalo ukilianzisha sebuleni watu wanageuza mada. Nazungumzia mtu aliyebakwa, halafu amelelewa kwenye nyumba ya dini hasa. Nyumba ambayo mambo ya mwili hayatajwi, binti anafundishwa kwamba heshima yake yote ni usafi wake, na kila tatizo linapelekwa kwa mchungaji, padri au shehe.

Sisi wa magazeti tunaijua nusu tu ya habari hii. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka Tanzania Bara hafungwi chini ya miaka 30. Tunaandika "Jela miaka 30", mhariri anaridhika, kesho tuna habari nyingine. Aliyebakwa je? Analala? Anakula? Hayo hatuandiki.

Na wanaofika mahakamani ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Sasa yule anayethubutu kusema anajibiwa nini? "Samehe mwanangu, Mungu atakulipia." "Jisitiri, usiiaibishe familia." "Mbona hukupiga kelele?" Mengine yanasemwa kwa upendo, sibishi. Lakini sikiliza yanavyomfikia. Akishindwa kusamehe, basi imani yake ni haba. Akiendelea kuota ndoto za kutisha, basi hajaomba vya kutosha. Alikuja na jeraha moja, anaondoka na mawili.

Jamani, kushtuka usiku, kukwepa watu na kuuchukia mwili wako si mapepo wala upungufu wa imani. Ni namna akili na mwili vinavyobaki kwenye hatari hata baada ya hatari kupita. Na wengi hawapigi kelele kwa sababu hofu inawagandisha, hata sauti haitoki.

Hili lina tiba. Mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Resick, alibuni tiba ambayo mgonjwa anasaidiwa kuyatoa mawazo yaliyomkwama, kama "ni kosa langu" au "Mungu ananiadhibu", kisha kuyahoji moja moja. Msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Ilijaribiwa hapo jirani, mashariki mwa Congo, kwa wanawake waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walioiendesha kwenye vikundi walikuwa washauri wa hukohuko, si madaktari, ila walifundishwa na kusimamiwa. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42.

Najua hofu ya wazazi wengi: mwanasaikolojia atamtoa mtoto kwenye dini. Mshauri anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Anamuuliza mgonjwa imani yake inampa nguvu wapi na inamuumiza wapi. Kuna anayetulizwa na sala. Kuna asiyeweza kuingia kanisani au msikitini bila kutetemeka, kwa sababu aliyemfanyia ndiye aliyekuwa akimfundisha dini. Mshauri anayedharau imani ya mgonjwa hafai, kama asivyofaa kiongozi wa dini anayedharau tiba.

Tena vitabu vyenyewe haviko upande wa ukimya. Biblia inasimulia habari za Tamari, binti wa Daudi. Alibakwa na nduguye wa baba mmoja, kaka yake akamwambia anyamaze, baba akakasirika lakini hakufanya kitu, na binti akabaki ameharibikiwa ndani ya nyumba ya kaka yake. Aliyesoma hayo atahubirije kunyamaza? Na katika Uislamu, aliyelazimishwa hahesabiwi dhambi. Mbona basi tunamtubisha?

Ombi langu kwa viongozi wetu wa dini ni hili. Mtu akija, mwaminini. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, atakuta matibabu, ushauri nasaha na polisi pamoja. Msimkutanishe na aliyemfanyia ili "wapatane", wala msiimalize kesi ukumbini. Mwombeeni, lakini nauli ya kwenda kwa mshauri itoke kwenye sadaka zilezile.

Msamaha ukija, uje siku anayotaka yeye. Asipokuja, bado anastahili kulala usingizi.

Wewe unayekaa kwenye kamati ya kanisa au ya msikiti, akija kwenu Jumapili hii au Ijumaa hii, mna namba ya mshauri wa kumpa?