Gari za waya za Munyaka si mchezo

Wasee, Matchbox haikuanzia kwa kiwanda kikubwa. 1947, Leslie Smith na Rodney Smith walianzisha Lesney ndani ya baa iliyochakaa London, wakimimina chuma iliyoyeyushwa kwa kalibu. Mwenzao Jack Odell akamtengenezea binti yake kagari ka kutoshea kwa boksi ya kiberiti, juu shuleni vitu vikubwa vya kuchezea vilikatazwa. 1953 wakauza zaidi ya milioni moja ya kagari ka farasi ka kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kutawazwa huko huko ndiko kulizaa Safari Rally yetu, mwaka huo huo. Wao wakapata kiwanda, sisi tukapata vumbi.

Sasa cheki watoi wa Munyaka. Waya, mkebe, slipas kuukuu zimekatwa kuwa magurudumu, na usukani mrefu unaokata kona kweli. Halafu mzazi anasema, "Wacha mchezo, enda usome."

Mimi niliacha chuo, lakini siambii mtu aache shule. Nasema hivi: mtoi akikuonyesha gari yake, muulize bei. Kama tunalipia ya Mattel huko town, hii pia ilipiwe.