Mnunuzi wa mashine ya kompyuta asihadaiwe na ukubwa wa mota

Wenye karakana za samani, kama zile za Keko, Dar es Salaam, wanaotaka kununua mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, hawana budi kuwa waangalifu kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo. Wauzaji huzinadi mashine hizo kwa kutaja ukubwa wa meza na nguvu ya mota inayozungusha kisu. Mambo hayo ni muhimu, lakini siyo yanayoamua kama mashine itarudisha fedha. Kinachoamua ni mwendo: je, kisu kinafika pale kilipoamriwa, kwa kasi iliyoahidiwa, kila mara?

Mashine nyingi za bei nafuu husogezwa na mota za hatua. Mota ya kawaida ya aina hii hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Draiva, yaani kifaa kinachoipa mota umeme, ikigawa kila hatua mara nane, yatahitajika mapigo 1,600 ya umeme kwa kila mzunguko. Skrubu ikisogeza kisu milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita inahitaji mapigo 320.

Sasa muuzaji akiahidi kasi ya mita 6 kwa dakika, hesabu inadai mapigo 32,000 kwa sekunde. Bodi ya Arduino Uno yenye programu ya Grbl, inayotumika katika mashine nyingi ndogo, huishia takriban mapigo 30,000. Isitoshe, skrubu italazimika kuzunguka mara 1,200 kwa dakika, na mota za hatua hupungukiwa nguvu kadiri kasi inavyopanda. Ahadi hiyo, basi, ni ya kwenye karatasi tu.

Ubaya ni kwamba mota ya hatua ikizidiwa haitoi taarifa. Huruka hatua, na kompyuta ikaendelea kana kwamba kazi inakwenda sawa. Mlango wa mninga unaharibika, na hasara ni ya mwenye karakana. Mota za sevo zina kipimo cha kuonyesha zilipofika, hivyo hujisahihisha au kusimamisha kazi, lakini bei yake ni ya juu zaidi.

Hata hivyo, si lazima mwekezaji mdogo akimbilie sevo. Skrubu ya milimita 10 hupunguza mapigo na mizunguko kwa nusu, ingawa msukumo nao hupungua. Kupandisha umeme wa draiva kutoka volti 24 hadi 48, iwapo draiva inaruhusu, huipa mota nguvu zaidi inapokwenda kasi. Kulegeza ukali wa kuanza na kusimama hakugharimu hata senti, na ndiyo dawa ya kujaribu kwanza. Lakini nati inayocheza kwenye skrubu haitibiwi na bodi mpya wala mota kubwa.

Ushauri kwa mnunuzi ni mmoja: asilipe kabla ya jaribio. Mashine iendeshwe nusu saa ikikata mbao ngumu kwa kasi iliyotangazwa, kisha irudishwe ilipoanzia na kupimwa. Isiporudi palepale, bei ishuke au mnunuzi aondoke. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.