Daftari la Wiki: Anasa ya Mlimani ni Usalama

Jaketi la sokoni

Kaskazi hii jua la soko la Mwanakwerekwe, Unguja, linaanza kuchoma tangu saa tatu asubuhi, na bado kwenye meza za mitumba makoti ya theluji yamo. Wiki hii nililishika moja la rangi ya chungwa nikaligeuza ndani nje. Kiunoni lina sketi fupi yenye lastiki, ya kuzuia theluji isipande mgongoni mtu akianguka. Kwenye mkono wa kushoto, chini karibu na kiganja, kuna kimfuko cha zipu. Humo hukaa kadi ya lifti za kupandia mlimani, na mashine ya getini huisoma bila mtu kuitoa. Ukingoni kumeshonwa kipande bapa chenye ukubwa wa kidole, kimeandikwa RECCO.

"Hayo wanayapenda vijana wa bodaboda, ami," muuzaji akaniambia, "na wanaokwenda bara kwenye baridi."

Kipande kile hakina betri wala swichi. Kazi yake ni kurudisha mawimbi ya chombo wanachobeba waokoaji, ili mtu aliyefukiwa na theluji ajulikane alipo. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Msweden, Magnus Granhed, baada ya rafiki yake kufukiwa na poromoko la theluji huko Åre mwishoni mwa mwaka 1973, wakawa wanamtafuta kwa kuchomachoma theluji kwa fimbo za skii. Aliyefukiwa ana matumaini makubwa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo. Baada ya hapo pumzi humwishia haraka.

Swali la bwana harusi

Nimelichunguza jaketi lile kwa sababu ya kijana wetu mmoja anayefanya kazi Maskati. Anaoa, na anataka kumpeleka mkewe fungate kwenye hoteli ya kifahari ya theluji. Ameuliza: apachague vipi? Majina anayo tayari: Courchevel, St. Moritz, Zermatt. Nimemjibu kwamba jina liwe la mwisho kwenye orodha yake.

La kwanza ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Joto la dunia limepunguza theluji ya Alps, na vituo vya chini vinategemea mizinga ya kutengeneza theluji kwa maji na umeme. Val Thorens ya Ufaransa imejengwa kwenye mita 2,300. Zermatt, mji wa Uswisi usioruhusu magari ya petroli, una lifti zinazopanda hadi mita 3,883. Alipie chumba mahali ambapo theluji ina hakika.

La pili ni kalenda yetu. Msimu wa skii ni Desemba hadi Aprili, na Ramadhani sasa inaingia humo humo: mwaka 2027 inatarajiwa mapema Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Anayepanga aangalie mwezi kabla ya kulipa arubuni.

La tatu ni makaratasi. Visa ya Schengen, ya kuingilia nchi hizo za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi ajali za skii, kwa hiyo aombe iandikwe waziwazi kwamba michezo ya theluji na kushushwa mlimani kwa helikopta vimo.

La nne ni mwalimu. Njia za mlimani zina rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ngumu, nyeusi ni ya mafundi, na Ufaransa wanayo pia ya kijani kwa anayeanza. Hoteli nzuri itamtafutia mwalimu, itampimia viatu, na itakuwa kando ya njia ya kutelezea, asihangaike kubeba skii begani.

Na kama chakula halali na msikiti wa karibu ni sharti, Uturuki ina Uludağ juu ya mji wa Bursa, na Palandöken kule Erzurum, mji ulioandaa michezo ya baridi ya vyuo vikuu vya dunia mwaka 2011. Ndege ya Istanbul inatua hapa hapa Unguja.

Kwa kuwa yuko Ghuba, nimemwomba aanzie Dubai. Kwenye Mall of the Emirates kuna kilima cha theluji ndani ya jengo, kilichofunguliwa mwaka 2005, chenye njia ya mita 400. Ajue kama magoti ya maharusi yanastahimili kabla ya kulipa safari ya Ulaya.

Waliotutangulia

Ndugu zetu walishafika kwenye theluji wakishindana. Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret, Kenya, aliiona theluji mara ya kwanza mwaka 1996 alipokwenda kujifunza Finland. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki, katika mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa yule alimsubiri Boit mwishoni mwa njia, akamkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie.

Mwaka 2018 akafuata Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Mtoto wa pwani hii hii, tena kwenye mashindano ya kushuka mlima kwa kasi. Baridi haina kabila. Inataka mafunzo na mtu wa kukushika mkono.

Upande wetu wa biashara hiyo hiyo

Wakati bwana harusi wetu anatafuta theluji, maelfu ya Wazungu wanaikimbia, wanashukia hapa kwetu kuja kuota jua la Nungwi na Paje. Wenye hoteli za theluji na sisi tunauza hali ya hewa. Tofauti naiona kwenye matayarisho. Katika Alps, kila siku ya msimu hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko, kwa daraja la 1 hadi 5. Walinzi hukagua njia alfajiri, na wasiporidhika huzifunga, hata hoteli ikiwa imejaa wageni waliolipa ghali. Anasa yenyewe ni hiyo: mgeni analala akijua kwamba kuna mwenyeji aliyeamka kabla yake kwa ajili ya uhai wake.

Sisi bahari tunaijua tangu utoto. Tunajua maji ya Paje yanavyopwa mpaka mwambani na kurudi yakiwa na nguvu. Tumezika watu wa meli zilizozama, wa MV Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Skagit mwaka 2012, kwa hiyo hakuna wa kutueleza thamani ya mwokoaji. Na vijana wa kuifanya kazi hiyo tunao: Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha kuogelea hata wasichana ambao zamani bahari waliishia kuitazama.

Ombi langu ni kwa wenye hoteli na kwa Serikali. Kila ufukwe wa wageni uwe na ubao wa saa za maji kujaa na kupwa, bendera ya hatari, na mwokoaji aliyefunzwa, aliyeajiriwa kutoka kijiji kile kile, mwenye mshahara wa mwaka mzima. Mtalii na mtoto wa Nungwi watalindwa na macho yale yale. Kazi hii ianze masika haya, hoteli zikiwa na nafasi, ili kaskazi ijayo ikute walinzi wako ufukweni.