Njia ya baiskeli pekee haitafufua vijiji vya Teruel

WAKENYA wengi wanapoitaja Uhispania na baiskeli kwa pamoja, fikira huwaendea mashindano ya Vuelta, ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alitambuliwa kuwa bingwa wa makala ya 2011 na 2017. Hata hivyo, katika milima ya mkoa wa Teruel, mashariki mwa nchi hiyo, kuna uendeshaji baiskeli wa aina nyingine, usio na mshindi wala kikombe. Huko watu hufunga mizigo yao kwenye baiskeli na kusafiri kwa siku kadhaa, wakipenya mahandaki na kuvuka madaraja ya reli iliyokufa, huku magari yakiwa mbali nao.

Safari za namna hii zimepata sifa kote barani Ulaya. Aidha, wapo viongozi wanaozitazama kama dawa ya maradhi sugu ya mikoa ya ndani ya Uhispania, yaani kuhamwa na wakazi wake. Ni matumaini mema, lakini yanahitaji kupimwa. Utulivu anaoufuata mtalii ni ule ule unaomkosesha usingizi mzee wa kijiji. Barabara hazina magari kwa sababu wenyeji wamekwenda zao.

Ili kulielewa suala hili, yafaa tuanze na reli yenyewe.

Mnamo 1907 kampuni ya uchimbaji madini ya Sierra Menera ilianza kusafirisha chuma ghafi kutoka machimbo ya Ojos Negros hadi bandari ya Sagunto, ufuoni mwa bahari ya Mediterania. Reli hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 204, na upana wake ulikuwa mita moja, sawa na ule wa reli ya kale ya Mombasa hadi Uganda. Tayari palikuwapo reli nyingine katika bonde lilo hilo. Kampuni hiyo iliposhindwa kuafikiana na wenye reli ile kuhusu nauli ya mizigo, iliamua kujenga yake kando kwa kando.

Treni hizo za madini zilikoma mwaka 1972, chuma kilipohamishiwa kwenye reli ya serikali. Tanuri za kuyeyushia chuma za Sagunto zilizimwa mwaka 1984 licha ya upinzani mkali wa wafanyakazi, na machimbo ya Ojos Negros yakafungwa mwaka 1987. Ajira zilizolisha vizazi vitatu zikawa historia.

Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi. Mwaka 1993 Uhispania ilianzisha mpango unaoitwa Vías Verdes, yaani Njia za Kijani, chini ya uratibu wa Wakfu wa Reli za Uhispania. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa na zaidi ya kilomita 7,000 za reli zisizotumika. Wazo lilikuwa rahisi: kuziondoa reli na mataruma, kusawazisha ardhi, kutia taa katika mahandaki marefu, kisha kuwaachia njia watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Leo mtandao huo una zaidi ya kilomita 3,000. Njia ya Ojos Negros, yenye takriban kilomita 160, ndiyo inayotajwa kuwa ndefu kuliko zote.

Siri ya mvuto wake imo katika kazi ya wahandisi wa zamani. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, hivyo walilazimika kutoboa miamba na kujenga madaraja ili mwinuko uwe mpole. Matokeo yake ni kwamba hata mtoto au mstaafu aweza kuvuka milima ambayo barabara ya kawaida ingemtoa jasho. Msafiri huanzia nyanda za juu, akapita karibu na mlango wa milima wa Escandón ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kisha akateremka taratibu kupitia Sarrión, Barracas, Caudiel, Jérica na Navajas hadi kwenye mashamba ya michungwa karibu na pwani.

Wenye mapafu na miguu imara wana safari nyingine. Ipo njia ya mzunguko ya takriban kilomita 700 inayoanzia na kuishia mjini Teruel, ikifuata barabara za msituni na njia za wachungaji. Jina lake ni Montañas Vacías, yaani Milima Mitupu. Jina hilo halikutungwa kwa mzaha.

Mkoa uliohamwa

Mkoa wa Teruel una ukubwa wa karibu kilomita 15,000 mraba. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na watu karibu 250,000. Leo wamebaki takriban 135,000, na zaidi ya robo yao wanaishi katika mji mkuu wa mkoa. Hii ina maana kwamba kila kilomita mraba ina watu tisa hivi, ilhali wastani wa taifa ni zaidi ya 90. Kati ya manispaa 236 za mkoa huo, nyingi zina wakazi wasiofika 500.

Vijana walielekea Zaragoza, Valencia, Barcelona na Madrid kutafuta viwanda na vyuo. Baada ya vijana kuondoka, shule zilikosa wanafunzi. Shule zilipofungwa, familia chache zilizosalia nazo zikafunga virago. Duka likakosa wateja, na basi likapunguza safari. Huo ndio mduara unaovimaliza vijiji, na hauhitaji vita wala njaa.

Wakazi hawakukaa kimya. Vuguvugu la Teruel Existe, maana yake Teruel Ipo, lilianzishwa mwaka 1999 kudai reli bora, barabara na hospitali. Machi 31, 2019, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka mikoa iliyohamwa waliandamana jijini Madrid. Novemba mwaka huo vuguvugu hilo lilishinda kiti bungeni, na Januari 2020 kura yake moja ilikuwa na uzito mkubwa pale Pedro Sánchez alipoidhinishwa kuwa waziri mkuu kwa kura 167 dhidi ya 165. Kiti hicho kilipotea katika uchaguzi wa 2023, lakini hoja yake haijapotea.

Faida na mipaka yake

Je, mwendesha baiskeli analeta nini kijijini? Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Dereva anayepita katika barabara kuu ya A-23 huvuka kutoka Teruel hadi ufuoni kwa saa moja na ushei bila kuzima injini. Mwendesha baiskeli hawezi. Yeye huenda kilomita 40 au 60 kwa siku, hubeba mzigo mdogo, na jioni ni sharti apate chakula, maji na kitanda palepale alipofika. Fedha zake humfikia mwenye mkahawa na mwenye nyumba ya wageni. Kwa kijiji cha watu 200, wageni kumi wanaolala kila usiku waweza kuamua iwapo mkahawa utaendelea au utafungwa. Na mkahawa wa kijiji ndio baraza la wazee wanaoishi peke yao.

Hata hivyo, baiskeli ina msimu wake. Nyanda za juu za Teruel ni miongoni mwa sehemu zenye baridi kali zaidi nchini Uhispania. Mwaka 1963 kipimajoto cha Calamocha, mji ulio kaskazini mwa mkoa huo, kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri. Watalii humiminika majira ya kuchipua na ya vuli. Katika miezi ya barafu mwenye nyumba ya wageni hubaki na bili za kupasha vyumba joto. Ni vigumu kwa kijana kuanzisha familia kwa kutegemea biashara ya miezi michache.

Fauka ya hayo, mtalii hahitaji shule, wala hatafuti daktari wa watoto. Anaweza kukipenda kijiji kwa usiku mmoja bila kujua kuwa zahanati hufunguliwa kwa siku chache tu. Anayetaka kuhamia huko na watoto huuliza maswali hayo kwanza.

Lipo pia suala la moto. Ardhi iliyokosa wakulima na makundi ya kondoo huota vichaka, na vichaka vikikauka huwa kuni. Agosti 2022 moto mkubwa uliozuka Bejís, katika milima jirani ya Valencia, uliteketeza maelfu ya hekta. Treni ya abiria katika reli iliyo kando ya njia hiyo ya baiskeli ilikaribia ndimi za moto, na baadhi ya abiria waliotoka nje kwa hofu wakaungua. Machi 2023, kabla hata ya kiangazi, moto mwingine ulioanzia Villanueva de Viver ulivuka mpaka na kuingia Teruel, wakazi zaidi ya 1,000 wakalazimika kuhama makwao. Mandhari anayoyafuata mwendesha baiskeli yanalindwa na mchungaji na mkulima. Wakitoweka hao, njia yenyewe imo hatarini.

Tofauti inaonekana Sarrión, mji mdogo uliopo kwenye njia hiyo hiyo. Wakazi wake walipanda mialoni na kuvuna trufi nyeusi, aina ya uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi mizizini. Leo Teruel ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa trufi hiyo duniani, na Sarrión imewashikilia watu wake vyema kuliko majirani wengi. Mwendesha baiskeli anayelala hapo hukuta mji wenye uhai wake, naye huongeza kipato juu ya kipato. Mavuno ya trufi huwa wakati wa baridi, yaani wakati ambapo baiskeli zimepumzika. Shughuli hizo mbili zinapokezana.

Funzo ni bayana. Njia ya kijani hustawi inapoungana na kazi nyingine za mwaka mzima. Serikali ya Uhispania imeanza kutambua ukweli huu. Tangu 2023 waajiri katika mikoa ya Teruel, Soria na Cuenca wanapata nafuu katika michango ya hifadhi ya jamii, kwa idhini ya kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu maeneo yenye watu wachache. Ni hatua nzuri, ingawa nafuu kwa mwajiri haina maana mahali ambapo mfanyakazi hana pa kumpeleka mtoto wake shule.

Kwa hivyo, wanaopanga matumizi ya fedha za umma wasihesabu kilomita za njia zilizozinduliwa wala utepe uliokatwa. Wahesabu vitanda vinavyopatikana Januari, siku ambazo daktari yupo, treni zinazokubali kubeba baiskeli pamoja na mwenyeji anayekwenda hospitalini, na makundi ya kondoo yanayolisha kando ya njia. Vipimo hivyo vikipanda, wageni watapata pa kufikia na wenyeji watapata sababu ya kubaki.

Kufa kufaana, husema Waswahili. Kifo cha reli ya Ojos Negros kimewafaa waendesha baiskeli wa Ulaya nzima. Itakuwa hasara kubwa iwapo vijiji navyo vitaachwa vife ili milima izidi kuwa kimya, kwa maana siku ya mkahawa wa mwisho kufungwa, hata mgeni hatakuwa na pa kunywea maji.