Mwanafunzi Anatafuta Chumba, Nasi Tuna Vyumba

Kila mwaka, chuo kinapokaribia kufunguliwa, misikiti iliyo jirani na Mlimani, kuanzia Changanyikeni na Msewe hadi Ubungo na Sinza, huona nyuso ngeni katika safu za nyuma. Ni vijana waliotoka Kigoma, Tandahimba, Kondoa na Pemba, wenye barua ya kukubaliwa chuoni mfukoni na begi waliloliacha kwa mtu wasiyemfahamu vizuri. Sala inapokwisha hawaondoki upesi. Wanangoja mtu awaulize wametoka wapi na wamefikia kwa nani. Mara nyingi hakuna anayeuliza. Tunavaa viatu vyetu na kwenda zetu.

Ndugu wasomaji, makala haya yanahusu vijana hao, na yanahusu nyumba zetu pia.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964, aliyepata nafasi ya masomo alipata na kitanda, wala hakuhitaji kujua dalali ni nani. Zama hizo zimepita. Zilijengwa hosteli za Mabibo, kisha Aprili 2017 yakafunguliwa mabweni mapya yenye nafasi 3,840, na bado wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Jiji lenyewe nalo limefura: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kijana wa miaka kumi na tisa anashindana na umma huo wote kwa chumba kimoja cha uani.

Tufanye hesabu. Chukua chumba cha kawaida kwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani 420,000, zote kwa mkupuo. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake. Hapo ni 490,000, na bado kijana hajanunua godoro, ndoo wala umeme wa Luku. Posho ya chakula na malazi, kwa wale waliopata mkopo wa Bodi, hutolewa kwa awamu, baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kusaini. Kwa hiyo fedha za chumba hutakiwa kabla ya fedha za chumba kufika. Mzazi mkulima ambaye mazao yake hayajapata mnunuzi atazitoa wapi?

Matokeo yake tunayajua. Wengine hubebwa. Nalitumia neno la wanafunzi wenyewe: mmoja ana kitanda bwenini, wawili au watatu wanalala humo kwa siri. Mimi mwenyewe nilibebwa muhula mzima. Nililala sakafuni kati ya vitanda viwili, nikiamka kabla ya alfajiri ili msimamizi asinikute, na usingizi niliokosa usiku niliulipa mchana ndani ya ukumbi wa mhadhara. Wengine huchukua chumba cha bei nafuu mabondeni. Wakati wa kiangazi chumba hicho huonekana kizuri, na hakuna anayemwambia mgeni kwamba ukutani kuna alama ya maji. Waliokuwepo wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na wapo wanaotapeliwa. Binti wa jamaa yangu alilipa kodi ya miezi sita mkononi mwa dalali aliyekuwa na ufunguo. Siku ya kuhamia alikuta wenzake wawili mlangoni, kila mmoja na karatasi yake ya malipo ya chumba kilekile. Mwenye nyumba alikuwa hajui lolote. Binti huyo alihifadhiwa na mama mmoja muuza vitumbua, mtu baki kabisa, aliyekuwa na watoto wanne katika vyumba viwili. Nilipopata habari niliona haya, maana nyumba yangu haikuwa mbali na hapo.

Yafaa tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Wenye nyumba wana malalamiko yao. Wapo wanafunzi wanaokodi wakiwa mmoja na kuishi watano, wanaopiga redio hadi usiku wa manane, wanaofunga mlango wakati wa likizo na kutoweka na deni. Sisemi mzee aliyejenga vyumba viwili vya uani kwa jasho lake avitoe bure. Ninachosema ni kwamba kodi ya miezi mitatu mitatu, kwa maandishi na mbele ya mjumbe, haimfilisi mwenye nyumba, lakini humwokoa mwanafunzi. Adai kodi yake, aweke masharti yake, ila asimpime kijana wa masomo kwa kipimo cha mfanyabiashara.

Tunapenda kusimulia jinsi Answari walivyowapokea Muhajirina majumbani mwao, na jinsi watu wa Suffa, waliokuwa hawana makao, walivyoishi chini ya kibaraza cha msikiti wa Mtume huko Madina wakijifunza dini. Simulizi hizo tunazisikiliza kwa machozi, kisha dalali anatupigia simu kutuuliza kama chumba bado kipo.

Katika kila jamaa ya msikiti mna watu wenye vyumba vya kupangisha. Katibu na afungue daftari: chumba kiko wapi, kodi ni kiasi gani, maji yapo au ni ya kununua, choo ni cha peke yake au cha pamoja, na njia ya kurudi usiku ina taa au haina. Jambo hilo la mwisho waulizwe akina mama, kwani wao ndio watakaompeleka binti kukiona chumba, na wao ndio wanaojua ni mwenye nyumba gani asiyefaa kupelekewa binti. Malipo yafanyike mkononi mwa mwenye nyumba, na risiti iwe na jina lake.

Daftari la kurasa themanini linatosha. Mimi nimeandikisha chumba changu kimoja, cha nyuma, chenye dirisha linalotazama mwembe. Maji ni ya kununua siku mbili kwa wiki, na hilo nimeliandika pia.