Usiiache Baiskeli Ndani

Huko Mwanza na Dar es Salaam yako majumba ya mazoezi. Mtu hulipa fedha, akapanda baiskeli ya chuma iliyofungwa mahali pamoja. Anakanyaga, anatoka jasho, wala hafiki popote. Tusimcheke, anatafuta afya. Lakini sisi wa Mkoa wa Simiyu tunazo baiskeli zinazokwenda, nazo zinaota kutu ndani ya nyumba.

Siku hizi, pamba ikishauzwa, wengi hatupandi tena baiskeli. Kwenda mnadani ni bodaboda. Kwenda zahanati ni bodaboda. Hata kwenda kwa jirani! Wengine husema baiskeli ni ya maskini. Mimi nasema maneno hayo yanatumalizia fedha na kutuletea maradhi.

Tufanye hesabu. Tuseme nauli ya bodaboda kwenda Bariadi mjini ni shilingi 1,000, na kurudi ni shilingi 1,000. Ukienda mara tatu kwa wiki, ni shilingi 6,000. Mwaka una wiki 52. Jumla ni shilingi 312,000. Chukua kalamu, weka nauli ya kijijini kwako, uone mwenyewe. Ondoa fedha za kuziba pancha na kununua grisi. Zinazobaki ni zako.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Mafunzo hayo bado yanafaa. Lakini leo presha na kisukari navyo vimefika vijijini. Presha huweza kukaa mwilini bila dalili, kisha ikampooza mtu ghafula. Unapokanyaga baiskeli, moyo hupata nguvu, na misuli hutumia sukari iliyo katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima autumikishe mwili dakika 150 au zaidi kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku, kwa siku tano.

Utasema, "Mimi nalima kwa jembe, inatosha." Ni kweli, wakati wa kilimo. Je, wakati wa kiangazi? Wanaume wengi tunakaa kivulini tukicheza bao. (Mama hakai. Maji na kuni havina kiangazi.) Tena baiskeli isiwe ya baba peke yake. Mama akiipanda kwenda kliniki, au binti kwenda sekondari, sioni aibu yoyote.

Kabla ya kuondoka, jaribu breki zote mbili. Inua kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka, ili magoti yasiume. Katika barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi, kaa kushoto kabisa. Mabasi na malori hayana huruma. Usiku uwe na taa.

Mwenye presha asiache dawa zake. Kwanza amwulize mganga wa zahanati. Na ukiwa njiani kifua kikakubana, shuka, pumzika, uende kutibiwa mara moja. Siku hiyo panda bodaboda.